Utafiti wa pamoja wa kupunguza hewa ukaa katika viwanda vya kemikali: tuanzie wapi, tugawane nini, na nani ahesabu?

Mtafiti wa Vichocheo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Naomba ushauri wa wale waliowahi kushiriki katika miradi ya utafiti inayokutanisha chuo na zaidi ya kiwanda kimoja. Maabara yetu inachunguza vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, vya kuunganisha hewa ukaa na hidrojeni ili kupata methanoli, alkoholi inayotumika kama mafuta na kama malighafi, na tangu mwaka uliopita tumekuwa katika mazungumzo na kampuni tatu za kemikali kuhusu andiko la mradi wa miaka minne wa kupunguza hewa ukaa inayotoka viwandani mwao. Kampuni mbili huzalisha amonia, malighafi ya mbolea, na hugombea wateja walewale, na ya tatu ina mtambo wa kuvunja hidrokaboni (misombo ya kaboni na hidrojeni iliyomo katika mafuta na gesi) kwa mvuke ili kupata ethilini, malighafi ya plastiki.

Sina shaka na nia ya yeyote kati yao, lakini mazungumzo yamekwama. Kampuni za amonia hazitaki kuonyeshana takwimu za matumizi ya gesi, ingawa bila takwimu hizo hatuwezi kueleza mradi utaokoa nini. Kampuni ya ethilini ingependa sehemu kubwa ya fedha iende kwenye tanuru za umeme, jambo ambalo sisi wa maabara hatuna utaalamu nalo. Mfadhili naye anataka ukurasa wa kwanza wa andiko utaje idadi ya tani za hewa ukaa zitakazopungua, na kila mshirika ameleta hesabu yake. Hesabu hizo zinapishana kwa zaidi ya mara mbili ilhali zinaeleza kitu kilekile.

Ningependa kujua mliwezaje kuchagua tatizo ambalo kila mshirika alikuwa na sababu ya kulishughulikia hadi mwisho, mligawana taarifa zipi bila kumwumiza yeyote, na hesabu ya tani mliisimamisha juu ya msingi gani. Nitashukuru zaidi kwa majibu yanayotokana na kazi mliyoifanya wenyewe.

Mhandisi wa Michakato

Ndugu mleta mada, nilifanya kazi katika mitambo ya amonia kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa utafiti, kwa hiyo nitajikita katika swali lako la kwanza. Kosa ambalo nimelishuhudia mara nyingi ni andiko kuanza na kile ambacho maabara inakijua, kisha kutafuta kiwanda cha kukipachika. Anzeni na bomba. Iombeni kila kampuni iwaonyeshe ni bomba lipi linalotoa hewa ukaa, hewa hiyo imechanganyika na nini, na kama inatokana na kuchoma mafuta kwa ajili ya joto au inatokana na mmenyuko wenyewe.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloitofautisha sekta ya kemikali na viwanda vingine vingi. Mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe huingia humu kwa kazi mbili: kuchomwa ili kupata joto, na kuwa malighafi ambayo kaboni na hidrojeni yake huishia katika bidhaa. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, karibu nusu ya nishati inayoingia katika sekta hii hutumika kama malighafi. Kwa sababu hiyo sekta inaongoza viwanda vyote kwa matumizi ya nishati, lakini ni ya tatu kwa hewa ukaa inayotoka moja kwa moja, baada ya saruji na chuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni hutoka kiwandani ikiwa ndani ya plastiki, viyeyusho na mbolea, nayo huja kuachiliwa angani mbali na mikono ya aliyeizalisha.

Chukueni amonia. Mtambo wa kwanza wa kibiashara wa njia ya Haber na Bosch ulianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na msingi wake haujabadilika: nitrojeni na hidrojeni hukutanishwa juu ya kichocheo cha chuma kwa shinikizo kubwa na joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Hewa ukaa haizaliwi katika hatua hiyo, bali inazaliwa nyuma yake, pale hidrojeni inapotafutwa. Tani moja ya amonia inahitaji takribani kilo 178 za hidrojeni, na zikipatikana kwa kumenyusha methani, ambayo ni sehemu kuu ya gesi asilia, na mvuke, kanuni ya mmenyuko peke yake inadai karibu tani moja ya hewa ukaa kabla hujachoma chochote cha kupasha tanuru. Ukiongeza mafuta ya tanuru, mtambo mzuri wa gesi asilia hufikia takribani tani 1.8; wastani wa dunia, ambao unabeba pia mitambo ya makaa ya mawe, IEA iliukadiria kuwa tani 2.4. Kwa kuwa dunia huzalisha zaidi ya tani milioni 180 za amonia kwa mwaka, mtaona kwa nini bidhaa hii moja inastahili kuandikiwa mradi wake.

Sasa tofautisheni mikondo miwili. Hewa ukaa ya mmenyuko hutoka ikiwa karibu safi, kwa sababu misombo yenye oksijeni huharibu kichocheo cha chuma na mtambo unalazimika kuiondoa kwa kiyeyusho kabla gesi haijafika huko. Kazi ya kuikamata imekwisha kufanyika na kulipiwa. Hewa ukaa ya moshi wa tanuru, kinyume chake, imezimuliwa ndani ya nitrojeni nyingi ya hewa ya kawaida, na kuitenga ni kazi kubwa nyingine kabisa. Maabara yenu inauhitaji mkondo ule wa kwanza. Hata hivyo ulizeni mapema kama viwanda hivyo vinatengeneza urea, maana kila tani ya urea humeza takribani tani 0.73 za hewa ukaa, na pale ambapo amonia yote hugeuzwa urea mkondo ule safi huisha, pengine hata usitoshe. Niliwahi kuona kikundi cha utafiti kikifanya kazi mwaka mzima kwa kutegemea gesi ambayo kiwanda hakikuwa nayo ya kutoa.

Kuhusu tanuru za umeme, msiipuuze kampuni ya ethilini, ila msijaribu kuwabebea mzigo huo. Uvunjaji wa hidrokaboni hufanyika kwenye joto la nyuzi 850 hivi, na sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutokana na kuchoma gesi ili kulifikia joto hilo. Kampuni za BASF, SABIC na Linde zilitia saini makubaliano ya kulishughulikia suala hili kwa pamoja mwaka 2021, na mwaka 2024 zilizindua huko Ludwigshafen, Ujerumani, mtambo wa maonyesho wenye tanuru mbili, ambazo kwa pamoja hupitisha takribani tani nne za hidrokaboni kwa saa na kutumia megawati sita za umeme jadidifu. Katika tanuru moja umeme hupitishwa kwenye mirija yenyewe, na katika nyingine mirija hupashwa na vipashio vilivyoizunguka. Tazameni mgawanyo wa kazi ulivyo: mmoja anaendesha mitambo ya aina hiyo kila siku, mwingine naye anaiendesha kwa malighafi tofauti, na wa tatu anajenga tanuru. Maabara ya vichocheo haina nafasi ya lazima katika timu hiyo.

Lipo hata hivyo swali moja ambalo linaiunganisha kampuni hiyo na kazi yenu. Leo tanuru hizo huchoma methani ambayo ni zao la pembeni la uvunjaji wenyewe. Joto likitoka kwenye umeme, methani hiyo itabaki bila kazi, na ikipelekwa kuchomwa penginepo hewa ukaa itakuwa imehamishwa tu. Itumike kufanya nini? Hapo ndipo elimu ya vichocheo inapohitajika, na hapo ndipo ningewatafutia kampuni ya tatu sababu ya kubaki mezani.

Mratibu wa Miradi

Ndugu aliyetangulia amesema vizuri kuhusu bomba. Mimi nimeratibu miradi ya namna hii na kusimamia mikataba yake, hivyo naomba nizungumzie siri.

Katika historia ya sekta hii upo mfano ambao huwa nausimulia kila ninapokaa na washindani. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Mark Thiemens na William Trogler, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba utengenezaji wa asidi ya adipiki, ambayo ni malighafi ya nailoni, ulikuwa chanzo kikubwa na kisichojulikana cha oksidi ya nitrasi, N2O, angani. Kila tani ya asidi hiyo, gesi yake isiposafishwa, hutoa takribani kilo 300 za N2O. Kwa kuwa kilo moja ya gesi hiyo hulipasha joto tabaka la hewa mara 273 kuliko kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya asidi ya adipiki ilikuwa ikibeba mzigo wa zaidi ya tani 80 za hewa ukaa. Wazalishaji wakubwa, ambao sokoni walikuwa wapinzani, waliunda kundi la kubadilishana taarifa za kiufundi kuhusu namna ya kuivunja gesi hiyo, wengine kwa joto kali na wengine kwa vichocheo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 wengi wao walikuwa wamefunga mitambo ya kuisafisha.

Kilichowawezesha, kwa maoni yangu, ni kwamba N2O haikuwa bidhaa ya yeyote kati yao. Hakuna mteja aliyekuwa akinunua nailoni kwa sababu ya gesi inayotoka kwenye bomba la kiwanda, kwa hiyo aliyemfundisha mwenzake kuivunja hakuwa amempa soko lake. Kwa hiyo swali la kwanza ninalowauliza washirika ni hili: kati ya mambo mnayohitaji kuyajua, lipi halimo katika bei ya bidhaa ya mtu yeyote hapa? Uchafu uliomo katika mkondo wa gesi, namna ya kupima uimara wa kichocheo kwa saa maelfu, kutu katika mabomba, namna ya kuhesabu kaboni: haya yanaweza kuwa ya wote. Muundo wa kichocheo ambacho mmoja anakusudia kukiombea hataza hauwezi kuwa wa wote, na kulazimisha uwe hivyo ni kuwakaribisha watu waje na mambo yao ya daraja la pili.

Sasa nije kwenye kukataa kwa kampuni zenu za amonia. Msiwaone wakaidi. Gharama kubwa kuliko zote katika amonia ni gesi, na anayejua mwenzake anatumia gesi kiasi gani kwa tani moja anakaribia kujua gharama yake yote ya uzalishaji. Washindani wakibadilishana takwimu kama hizo wanaweza kuingia katika mgogoro na sheria ya ushindani hata kama lengo lao ni jema. Utafiti wa pamoja wenyewe kwa kawaida unaruhusiwa: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, una kanuni ya mwaka 2023 inayoyapa makubaliano ya utafiti na maendeleo msamaha maalumu, kwa masharti ambayo mojawapo ni kwamba washirika ambao ni washindani wasiwe na zaidi ya asilimia 25 ya soko kwa pamoja wakati wa kuingia makubaliano, na lingine ni kwamba wote wapate matokeo ya mwisho kwa ajili ya kuendeleza utafiti. Sheria inayowahusu ninyi mwanasheria aisome mapema, kabla andiko halijapelekwa kwa mfadhili.

Katika mkataba, orodhesheni kwa majina ujuzi ambao kila mmoja anakuja nao, kwa sababu ugomvi mwingi niliouamua haukuhusu kilichogunduliwa ndani ya mradi, ulihusu kilichokuwapo kabla yake ambacho hakuna aliyekiandika. Mfano mwingine wa mpango uliodumu ni muungano wa utafiti wa uunganishaji wa michakato uliokuwa na makao yake UMIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Manchester, Uingereza, tangu mwaka 1984. Kampuni za wanachama zilichangia fedha, chuo kikaendeleza mbinu za kupanga mikondo ya joto ili mkondo unaopoa uupashe unaohitaji joto, na kila kampuni ikaenda kuzitumia mbinu hizo kimyakimya katika mitambo yake. Mbinu zilikuwa za wote. Takwimu za mtambo zilibaki kwa mwenye mtambo.

Mtafiti wa Vichocheo

Nawashukuru sana wote wawili. Suala la urea hatukuwa tumeliuliza kabisa, na leo asubuhi nimewaandikia. Kuhusu takwimu za gesi, tulifikiria kumteua mtu wa tatu asiye na upande, apokee takwimu za kampuni zote mbili na kututolea wastani peke yake. Je, hilo lingetosha?

Mratibu wa Miradi

Halitatosha, ndugu yangu, kwa sababu wako wawili. Wastani wa namba mbili si siri kwa mwenye namba moja: atauzidisha kwa mbili, atatoa ya kwake, na ya mwenzake ataipata kamili. Wastani huficha pale tu wanapokuwapo wengi na hakuna mmoja anayewazidi wote kwa ukubwa. Kwenu ninyi ingefaa kila kampuni itie saini makubaliano ya kutunza siri na chuo pekee, chuo kitumie takwimu halisi katika hesabu zake, na ripoti ya pamoja ijengwe juu ya mtambo wa mfano wenye viwango vilivyokwisha kuchapishwa hadharani. Kila kampuni itapewa pembeni hesabu ya mtambo wake yenyewe. Andikeni pia ni nani ndani ya maabara anaruhusiwa kuona takwimu za nani, na mwanafunzi anayeshughulika na kampuni moja asiwe ndiye anayeshughulika na nyingine.

Mkadiriaji wa Kaboni

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini kwa sababu kazi yangu ni tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, na tofauti ya zaidi ya mara mbili uliyoitaja hainishangazi hata kidogo. Naomba nifanye hesabu hiyo hadharani, kwa sababu nadhani itabadilisha si ukurasa wa kwanza wa andiko tu, bali hata mpango wenyewe.

Ili kupata tani moja ya methanoli kutoka kwenye hewa ukaa mnahitaji takribani tani 1.38 za hewa ukaa na kilo 190 za hidrojeni, na kwa masikitiko theluthi moja ya hidrojeni hiyo haiingii katika methanoli bali huondoka kama maji. Hidrojeni ikitengenezwa kwa elektrolisisi, yaani kwa kuyagawanya maji kwa umeme, kila kilo hula kilowati-saa 50 hadi 55, hivyo tani moja ya methanoli inabeba karibu megawati-saa 10 za umeme kabla hujaendesha pampu wala mnara wa ukenekaji unaotenga methanoli na maji. Umeme huo ukitoka katika gridi inayotoa tani 0.4 za hewa ukaa kwa megawati-saa, mmetoa tani nne ili kutumia tani 1.38. Upande wa pili, methanoli ya kawaida ya gesi asilia, ukijumlisha kuitengeneza na kuichoma hadi mwisho, hutoa takribani tani mbili.

Tuweke sasa mipaka sawa pande zote. Bila mradi, kiwanda cha amonia kinaachia tani zake 1.38, na mahali pengine mtu anatengeneza na kuchoma methanoli ya gesi asilia kwa tani mbili. Jumla ni takribani 3.4. Kwa mradi, kiwanda hakiachii, lakini methanoli yenu ikichomwa inazirudisha angani tani zilezile 1.38, na juu yake kuna hewa ukaa ya umeme. Faida iliyobaki ni tani mbili ukitoa hewa ukaa ya megawati-saa 10. Kwa hiyo umeme wenu ukizidi tani 0.2 kwa megawati-saa, mradi unaongeza badala ya kupunguza. Mtambo wa methanoli uitwao George Olah huko Svartsengi, Iceland, uliojengwa na kampuni ya Carbon Recycling International na kuanza kazi mwaka 2012, ulikuwa na uwezo wa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka, na ulisimama mahali ambapo umeme ni safi na hewa ukaa hutoka na mvuke wa ardhini. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati.

Nadhani mkivuta hesabu za washirika wenu mtakuta kwamba kampuni ya amonia imejiandikia tani 1.38 kwa sababu haiachii tena, na aliyekokotoa upande wa methanoli amejiandikia kwamba mafuta yake hayana hewa ukaa ya visukuku, yaani ya mafuta, gesi au makaa ya ardhini. Hizo ni tani zilezile zilizoandikwa mara mbili. Mnunuzi na muuzaji hawawezi wote kudai punguzo moja, na mkataba wenu useme wazi ni la nani. Mwongozo wa kukokotoa alama ya kaboni ya bidhaa uliotolewa mwaka 2022 na Together for Sustainability, jumuiya ya kampuni za kemikali iliyoanzishwa mwaka 2011, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa uliandikwa na kampuni zenyewe na washirika wenu hawatauona kama sheria ya mgeni.

Kuna jambo lingine ambalo linanisumbua zaidi. Zile kilo 190 za hidrojeni safi zingeweza pia kupelekwa moja kwa moja kwenye amonia, zikatosha kwa zaidi kidogo ya tani moja, na kuzuia tani 1.8 hadi 1.9 za hewa ukaa. Punguzo ni karibu sawa na lile la methanoli. Lakini siku kampuni ya amonia itakapochagua njia hiyo, mkondo wa hewa ukaa ambao mradi wenu unautegemea utakuwa umekauka. Je, washirika wenu wa amonia wana mpango wa elektrolisisi? Waulizeni waziwazi, kwa sababu kichocheo kinachochukua miaka kumi kufika kiwandani hakipaswi kujengwa juu ya bomba ambalo mwenyewe anakusudia kulifunga.

Mkuu wa Maabara Mstaafu

Naomba niongeze neno moja kutoka meza ya maabara. Maabara nyingi hupima vichocheo vya methanoli kwa gesi za silinda zenye usafi wa hali ya juu na kwa saa mia moja au mia mbili, kisha hushangaa mtambo wa majaribio unapokufa. Vichocheo vya shaba na zinki huharibiwa na salfa hata ikiwa kidogo mno, na hewa ukaa ikiwa ndiyo malighafi, maji mengi yanayozaliwa huzifanya chembe za shaba zikue na kupoteza uso wa kufanyia kazi. Mradi wa Carbon2Chem nchini Ujerumani, uliounganisha kampuni ya chuma ya thyssenkrupp, taasisi za utafiti za Fraunhofer na Max Planck pamoja na kampuni nyingine kadhaa, uliweka maabara jirani kabisa na mitambo ya chuma ya Duisburg ili utafiti ufanyike kwa gesi halisi ya kiwandani baada ya kusafishwa, na mwaka 2018 ukapata methanoli kutokana na gesi hizo. Somo ninalolichukua kutoka kwao ni la mahali: waliipeleka maabara kwenye bomba.

Kwa mkondo unaotoka kwenye mtambo wa amonia, ninachokihofia ni mabaki ya kiyeyusho cha amini (misombo yenye nitrojeni inayonasa hewa ukaa) na chembechembe za amonia yenyewe. Nitrojeni iliyomo humo ikiingia katika kinu cha kutengenezea methanoli huzalisha amini za methili, ambazo harufu yake ya samaki hubaki katika bidhaa na kuiharibia soko. Huo ni utafiti ambao washindani wote wawili wanauhitaji na hakuna anayeuuza. Na majaribio yaliyoshindwa yaandikwe katika ripoti ya pamoja sawasawa na yaliyofaulu. Mkataba mmoja niliowahi kufanya kazi chini yake uliruhusu kila mshirika kuficha matokeo mabaya, na maabara mbili zikarudia kosa moja kwa miezi minane.

Mtafiti wa Vichocheo

Ndugu zangu, nimesoma kila neno na nimezungumza na washirika wote. Kampuni moja ya amonia hugeuza karibu uzalishaji wake wote kuwa urea na haina hewa ukaa ya ziada; ya pili inayo, lakini imekiri kwamba inatafakari elektrolisisi kwa sehemu ya mtambo wake. Kwa hiyo tumekubaliana kuliandika upya andiko. Kiini chake sasa kitakuwa athari za uchafu wa mkondo halisi juu ya vichocheo na namna ya pamoja ya kupima uimara wake, na sehemu ya pili itahusu matumizi ya methani itakayobaki kwenye mtambo wa ethilini ukipata tanuru za umeme. Ukurasa wa kwanza utataja punguzo kama kiwango kinachotegemea hewa ukaa ya umeme, pamoja na mahali ambapo punguzo hilo linafika sifuri. Sijui mfadhili atalipokeaje, lakini ndiyo namba ninayoweza kuitetea.

Swali la mwisho kwa mzee wetu wa maabara: wiki ijayo tunakwenda kuchukua sampuli za kwanza kiwandani. Tuangalie nini?

Mkuu wa Maabara Mstaafu

Mkondo huo hutoka ukiwa umejaa mvuke. Mrija wenu wa kuchukulia sampuli ukiwa wa baridi, mvuke utapoa na kuwa maji ndani yake, amonia na amini zitayeyuka katika maji hayo, na kipimo kitawaambia gesi ni safi ilhali si safi. Upasheni mrija wote kuanzia bombani hadi kwenye kipimo, usiwe na hata kiungo kimoja kilichoachwa wazi, na maji yoyote yatakayopatikana yakusanyeni na kuyapima peke yake. Chukueni sampuli pia siku mtambo unapowashwa upya baada ya matengenezo, kwa kuwa kiyeyusho hutoa povu na kuvuka mnara wa kuondolea hewa ukaa zaidi wakati huo kuliko siku za kawaida.